Morris Minor ya Mwalimu na hewa iliyokuwa ikirudi kwenye breki

Gari ni Morris Minor 1000 ya milango minne, ya katikati ya miaka ya 1960, injini yake ya 1098 cc na usukani upande wa kulia. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa hapa Malindi, aliyelirithi kwa marehemu babake. Si gari la kazi. Hulitoa Ijumaa kwenda msikitini, na siku za mapumziko huwapakia wajukuu wakaenda Mambrui kupunga upepo. Lilinifikia likiwa limetoka kwenye gereji nyingine, na kazi iliyofanywa huko ilikuwa kubwa: raba za silinda zote za magurudumu zimebadilishwa, mipira yote mitatu ya kupitishia mafuta ya breki ni mipya, viatu vya breki vimepigwa laining mpya, na masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali, imefunguliwa ikatiwa raba mpya pia. Kwa kutazama tu, kazi ilikuwa safi. Lakini breki hazikukaa.

Mwalimu alinieleza hivi: "Fundi, wakitoa hewa jioni, breki zinashika vizuri tu. Nikilala nikaamka, pedali imekwenda chini. Wakatoa tena, ikawa yale yale. Sasa wananiambia nizoee, ati magari ya zamani ndivyo yalivyo."

Hilo la mwisho silikubali. Gari hili lilipotoka kiwandani lilikuwa na pedali fupi na ngumu, na likitunzwa linabaki hivyo. Barabara ya kwenda Mambrui, ukishavuka daraja la Sabaki, ina malori ya chumvi yatokayo Gongoni, ina bodaboda wanaoingia bila kutazama, ina mbuzi. Kumwambia mzee mwenye wajukuu kwenye kiti cha nyuma azoee pedali laini ni kumweka hatarini.

Kuna tabia moja imeenea sana katika kazi yetu. Hewa ikiingia kwenye mafuta ya breki hubonyea na pedali huwa laini, kwa hiyo pedali ikiwa laini, jibu ni "toa hewa." Ikirudi laini, "toa tena." Kutoa hewa kunasaidia kwa ile iliyoingia mfumo ulipofunguliwa. Hewa ikitolewa ikaisha, kisha ikarejea bila mtu kufungua kitu, basi ina mahali inapoingilia, na kazi ya fundi inakuwa kupatafuta mahali hapo. Gari la Mwalimu lilikuwa la namna hiyo, na mahali pa kuingilia palikuwa pa ajabu kidogo, kwa sababu mafuta hayakuwa yakitoka hata tone.

Kwa wasiolijua gari hili, niliseme kidogo. Morris Minor ilibuniwa na Alec Issigonis, ikaanza kuuzwa mwaka 1948, na ndiyo gari la kwanza la Uingereza kupita idadi ya milioni moja. Breki zake ni dramu kwa magurudumu yote, yaani viatu hutanuka na kubana ndani ya dramu la chuma linalozunguka na gurudumu. Mbele kila gurudumu lina silinda mbili, kila moja ikisukuma kiatu chake, nazo zimeunganishwa kwa kibomba kifupi nyuma ya bamba linaloshikilia viatu. Nyuma kila gurudumu lina silinda moja. Masta silinda haiko kwenye boneti mahali unapotarajia. Imelala chini ya sakafu ya dereva, ndani ya chesisi, na ili kuongeza mafuta unainua zulia, unafungua kifuniko kidogo cha sakafu, kisha unafungua kizibo. Kopo la mafuta ni sehemu ya masta yenyewe, na ni dogo. Mfumo ni wa njia moja: kikiharibika kitu kimoja, magurudumu yote manne yanakosa breki, unabaki na hendibreki.

Hapo kwenye masta kulala chini pana uzito. Kwenye magari mengi kopo la mafuta liko juu, kwa hiyo mafuta hushuka yenyewe kwenda magurudumuni kwa uzito wake. Kwenye Minor, kopo liko karibu usawa mmoja na silinda za magurudumu, na silinda za juu za mbele huweza kuwa juu yake. Gari likiegeshwa limeinua pua, tofauti hiyo huongezeka. Na Mwalimu hulilaza gari lake uani penye mteremko, pua juu, kila siku.

Kabla ya kushika spana nilikaa kwenye kiti cha dereva nikaisikiliza pedali kwa mguu. Pedali ina tabia zake, na kuzitofautisha huokoa kazi nyingi. Ikienda mbali lakini mwisho wake ikagota pagumu, na ukikanyaga mara ya pili ikagota juu zaidi, mara nyingi viatu viko mbali na dramu. Hapo hakuna hewa, kuna breki zinazotaka kuajastiwa, yaani viatu kusogezwa karibu na dramu. Ikiwa inabonyea mwendo wote na hakuna mahali inapogota, kuna hewa, au mpira wa breki unaovimba ukipata presha. Ikigota vizuri kisha ikashuka polepole ukiwa umeishikilia kwa mguu, raba ya masta inapitisha mafuta kwa ndani, au kuna mahali panapovuja.

Ya Mwalimu ilikuwa ndefu na ya kubonyea. Haikushuka nilipoishikilia. Na kulikuwa na jambo la nne ambalo nililiandika kwenye karatasi kwa sababu halikuingia akilini: nilipoipampu haraka haraka, haikupanda kama inavyopaswa kupanda. Breki za dramu zenye hewa, ukizipampu upesi, hujaa na pedali huja juu, ndiyo maana madereva wenye breki mbovu huendesha wakipampu. Hii ilipanda kidogo mno. Nililiacha kwanza.

Tukatafuta uvujaji. Gari likapandishwa kwenye stendi, magurudumu yakatolewa, dramu zikavuliwa. Nilikunja kwa kidole kila kifuniko cha raba cha kuzuia vumbi kwenye silinda ili nione nyuma yake, kwa sababu silinda huanza kuvuja kidogo hapo kabla mafuta hayajafika kwenye viatu. Pakavu. Ndani ya tairi pakavu. Maungio ya mabomba niliyafuta kwa kitambaa cheupe, yote makavu. Nyuma ya masta, pale pushirodi (fimbo itokayo kwenye pedali) inapoingia, palikuwa pakavu pia. Kijana wangu wa gereji akasema, "Fundi, kama haivuji, basi hewa haijatoka yote." Ndivyo wengi wanavyofikiri, na ndivyo walivyofikiri wenzetu wa kwanza.

Hatua ya pili ikawa kuajasti. Kwenye Minor kila kiatu cha mbele kina ajasta yake, kwa hiyo gurudumu moja la mbele lina mbili; la nyuma lina moja. Unazifikia kwa bisibisi kupitia tundu la dramu, unazungusha mpaka kiatu kigote, kisha unarudisha hatua moja. Ajasta moja ya mbele kulia ilikuwa haijaguswa kabisa. Pengine haikuonekana, kwa kuwa wengi wamezoea ajasta moja kwa kila gurudumu. Pedali ikafupika, lakini kubonyea kukabaki.

Nikazibana ajasta zote mpaka mwisho, magurudumu yasiweze kuzunguka. Viatu vikibanwa hivyo kwenye dramu, bastola (pistoni) za silinda hazina pa kwenda, na pedali lazima iwe fupi na ngumu. Ikibonyea bado, kinachobonyea ni hewa au mpira. Ilibonyea. Mipira ilikuwa mipya, na nilipoishika kwa mkono kijana akikanyaga sikusikia ikivimba. Kwa hiyo hewa ipo.

Sasa iko wapi? Hapa ndipo nilipotumia klempu. Minor ina mipira mitatu tu: mmoja kwa kila gurudumu la mbele, na mmoja unaokwenda kwenye ekseli ya nyuma. Klempu yenyewe iwe ile ya kubania mipira, yenye midomo ya mviringo. Ukibana kwa plaisi yenye meno utaukata mpira kwa ndani na hutauona umekatika. Na mpira mkuukuu usiubane kabisa, ubadilishe. Nilibana yote mitatu. Pedali ikawa ngumu na fupi. Maana yake masta inashika presha, na mabomba ya chuma kati ya masta na mipira hayana hewa. Nikaachia wa nyuma peke yake: ikalegea kidogo. Nikaubana, nikaachia wa mbele kushoto: ikalegea sana. Mbele kulia: vilevile sana.

Hapo nilisimama nikafikiri. Ingekuwa silinda moja ina kasoro, au nipeli moja ya kutolea hewa haifungi, au silinda imefungwa kichwa chini hewa ikakaa juu ya nipeli, ningeikuta hewa kwenye tawi moja. Hii ilikuwa kwenye matawi yote, na zaidi mbele, kwenye silinda zilizo juu. Silinda sita zenye raba mpya haziharibiki zote kwa pamoja. Kinachoyagusa matawi yote ni kimoja, nacho ni masta, ambayo nilikuwa nimeshaithibitisha kuwa inashika presha. Basi kasoro ilikuwa kwenye kazi nyingine ya masta.

Tukatoa hewa vizuri mpaka pedali ikasimama. Nikamwomba Mwalimu aliache gari lilale kwangu, nikaliinua mbele kwa stendi lifanane na linavyolala uani kwake. Nikafungua kizibo cha masta, nikatumbukiza kijiti cha waya, nikakiweka alama mahali mafuta yalipofika. Asubuhi pedali ilikuwa imekwenda chini kama alivyosema. Nikatumbukiza waya: mafuta yalikuwa yamepanda juu ya alama.

Yamepanda! Mafuta yaliyokuwa kwenye silinda za mbele yamerudi kwenye kopo usiku, na nafasi yake imejazwa na hewa kutoka nje. Ndiyo maana hakuna tone lililoonekana chini. Tulikuwa tunatafuta mafuta yanayotoka nje, na yalikuwa yanarudi nyumbani.

Nikafanya jaribio la mwisho. Nilivisha mpira mwembamba unaoangaza kwenye nipeli ya mbele kushoto, nikauchovya kwenye chupa yenye mafuta safi, nikamwambia kijana asiiguse pedali. Nikalegeza nipeli robo mzunguko. Kwenye gari la dramu la enzi hizo lililo zima, mafuta huchomoza yenyewe kwa msukumo mdogo kisha hutulia. Hapa yale yaliyokuwa ndani ya mpira yalirudi nyuma, yakaelekea kwenye silinda, taratibu, mbele ya macho yetu wote watatu. Mwalimu alikuwa amechuchumaa karibu yangu. Akauliza, "Sasa hayo yanavutwa na nani?"

Yanavutwa kwa sababu hakuna kinachoyazuia. Mwishoni mwa masta silinda ya namna hii, pale mafuta yanapotokea kwenda magurudumuni, hukaa vali ndogo pamoja na kikalio chake cha raba, ikisukumwa na ile springi ndefu ya ndani. Ukikanyaga, mafuta hupita katikati ya vali bila shida. Ukiachia, springi za viatu huyasukuma mafuta yarudi, na vali yote huinuka kwenye kikalio kuyapisha; presha ikishuka kiasi fulani, springi huishinda, vali hukaa, mlango umefungwa. Kwa hiyo ndani ya mabomba hubaki presha ndogo wakati wote, hata gari likiwa limelala. Si presha ya kubana viatu, kwa kuwa springi za viatu zina nguvu zaidi yake. Ni ya kufanya kazi mbili nyingine.

Kazi ya kwanza ni kuzishikilia raba za silinda za magurudumu. Raba hizo zina umbo la kikombe, mdomo wake ukitazama upande wa mafuta. Presha ikiwa ndani, mdomo hutanuka ukabana ukuta wa silinda. Umbo hilo limekusudiwa kuzuia mafuta yasitoke. Kuzuia hewa isiingie haliwezi vizuri. Mafuta yakivutwa nyuma, mdomo hulegea na hewa hupita ubavuni. Ukikanyaga tena, mdomo hubana, na hewa imefungiwa ndani. Ile presha ndogo ya kubaki ndiyo inayoufanya mdomo usilegee. Magari ya baadaye yaliwekewa kisahani chembamba cha chuma ndani ya kikombe kinachoutanua mdomo wakati wote, na watengenezaji wakaweza kuiacha vali. Minor haikuwa na kisahani hicho, inaitegemea vali.

Kazi ya pili ndiyo iliyoeleza lile jambo la nne nililoliandika. Ukiachia pedali haraka, bastola ya masta hurudi upesi kuliko mafuta ya mabombani, kwa sababu vali inayachelewesha. Mbele ya bastola panakuwa na upungufu, na mafuta ya kwenye kopo hupenya vitundu vya bastola, yakaupita mdomo wa raba na kujaza. Ukikanyaga tena una mafuta mengi zaidi mbele yako, na pedali hupanda. Bila vali, mafuta ya mabombani hurudi mara moja, upungufu hakuna, na kupampu hakuongezi kitu. Pedali ya Mwalimu ilikuwa imeshaniambia tangu mwanzo.

Kuitoa masta ya Minor ni kazi ya subira. Kiti cha dereva kinatoka, zulia linatoka, kipande cha sakafu kinafunguliwa kwa skrubu ambazo kwa hewa yetu ya pwani nyingi huwa zimeshikana kwa kutu. Bolti mbili ndefu za masta zinapita kwenye chesisi, na tosheni baa (fimbo ya chuma inayofanya kazi ya springi ya gurudumu) ya upande huo imepita mbele yake, kwa hiyo hazichomoki mpaka uisogeze. Anayekwambia ni kazi ya nusu saa hajawahi kuifanya.

Tulipoifungua juu ya meza, juu ya kitambaa safi, vitu vilitoka kwa mpangilio: kifungo cha duara, bastola na raba yake ya nyuma, kijisahani chembamba, raba kuu, springi. Springi ikawa ya mwisho. Ncha yake ilikuwa imekaa moja kwa moja kwenye chuma cha mwisho wa silinda. Vali haikuwepo, na kikalio chake cha raba hakikuwepo.

Nilizitazama raba zilizokuwemo. Zilikuwa mpya na za kipimo sahihi cha tundu, lakini ukizilinganisha na michoro ya Minor, seti ile haikuwa yake. Nadhani dukani ilitolewa seti ya masta yenye tundu la kipimo hicho kwa gari lenye breki za diski. Gari la diski haliwekewi vali ya aina hii, kwa kuwa pedi hazina springi ya kuzirudisha, na presha ikibaki zitakwaruza diski na kupata moto. Aliyefunga alikuta seti haina vali, akaona ya zamani imechakaa, akaitupa pamoja na raba kuukuu. Raba zilizobaki zikafunga vizuri, presha ikashika, na hakuna kilichomshtua. Ndiyo maana jaribio la klempu liliipitisha masta. Ni kosa linaloweza kumpata fundi mzuri, na sina haja ya kulitaja jina la gereji.

Mwalimu aliagiza seti kamili kutoka Uingereza, ambako vipuri vya Minor bado vinatengenezwa. Wakati tunaisubiri niliisafisha silinda kwa spiriti, nikaikausha, nikaipitisha ukucha ndani. Ukucha ukinasa mahali raba inapopita, silinda hiyo haifai. Sehemu ya mbele, inapotembea raba kuu, ilikuwa laini. Nyuma, karibu na mlango, palikuwa na vidoadoa vya kutu ambavyo nitavirudia. Usisafishe kwa petroli wala dizeli. Mafuta ya jamii hiyo huvimbisha raba za breki, na kiasi kidogo kinachobaki kwenye kona kinatosha kuharibu seti nzima.

Kisha kuna suala la mafuta yenyewe. Kwenye buti ya gari nilikuta kopo la mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 lililofunguliwa zamani, mdomo wake umefungwa kwa karatasi ya nailoni na mpira wa kubania. Nililimwaga. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na Malindi, bahari iko hapo, unyevu haupungui kusi wala kaskazi. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji ya kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Maji hayo hayo ndiyo yanayoleta kutu ndani ya silinda. Wapo wanaopenda DOT 5 ya silikoni kwa magari ya kuegeshwa kwa sababu hainyonyi maji. Mimi siipendelei kwa gari kama hili: haichanganyiki na hizo nyingine, kwa hiyo ni lazima raba zote ziwe mpya na mfumo uwe mkavu kabisa, na ina tabia ya kushikilia vipovu vidogo vidogo, jambo ambalo kwenye Minor ni kujitafutia kazi. Tulitia DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo. Nilimwambia Mwalimu aibadilishe kila mwaka mmoja au miwili hata kama gari halitembei sana. Na ikimwagikia rangi ya gari, amwagie maji mengi papo hapo, kwani huibambua.

Kufunga kulikwenda bila shida. Kila raba ilipakwa mafuta safi ya breki kabla ya kuingia. Kabla ya kuirudisha masta chini ya sakafu niliijaza mafuta mezani na kuisukuma bastola polepole kwa kipande cha mti mpaka vipovu vikaisha, kwa sababu ikiingia kavu utapampu mpaka goti liume.

Katika kutoa hewa tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Ajasta zote tulizibana kwanza, bastola zirudi ndani, ili nafasi inayoweza kuficha hewa iwe ndogo. Kijana alikanyaga polepole mpaka chini na kusema "Chini", nikafunga nipeli, ndipo akaachia, akahesabu kidogo, akakanyaga tena. Ukiachia pedali nipeli ingali wazi unarudisha ulichokitoa. Kopo la Minor ni dogo, kwa hiyo baada ya mikanyago michache tu tunasimama na kuongeza; likikauka mara moja, umerudi mwanzo. Kwenye magurudumu ya mbele niligongagonga kile kibomba kinachounganisha silinda mbili kwa mpini wa bisibisi wakati mafuta yanapita. Kuna vipovu hujishikiza hapo, na vinang'oka kwa mtikisiko.

Wengine hupenda kuvuta kwa mashine ya vakyumu kutoka kwenye nipeli. Tahadhari na njia hiyo: hewa hupenya kwenye nyuzi za nipeli iliyolegezwa, ukaona vipovu visivyokwisha na kudhani vinatoka ndani. Ikiwa lazima, afadhali bomba la sindano kubwa kutoka duka la dawa, ukasukuma mafuta safi kutoka kwenye nipeli kwenda juu, kwa kuwa hewa yenyewe hupenda kupanda. Ila uchungulie kopo lisifurike chini ya zulia.

Baada ya gurudumu la mwisho tulilegeza ajasta hatua moja moja mpaka kila gurudumu likazunguka huru. Pedali ikawa fupi, ikagota. Nikaipampu haraka: ikapanda. Nikarudia jaribio la nipeli bila mtu kukanyaga, na safari hii mafuta yakachomoza, kisha yakatulia. Mwalimu aliyatazama akasema, "Alhamdulillahi, hayavutwi tena."

Palibaki kuhakikisha breki hazishiki kupita kiasi. Pedali ikiachiwa iwe na uchezo kidogo kabla ya kuisukuma bastola, la sivyo bastola hairudi mpaka mwisho, kile kijitundu cha kurudishia mafuta kwenye kopo kinabaki kimezibwa, na breki hujibana zenyewe kadiri mafuta yanavyopata moto. Gari la namna hiyo hutoka gerejini zuri, likafika Gede limeshikwa magurudumu. Nilienda nalo hadi Mambrui na kurudi, nikikanyaga mara nyingi kwa makusudi, kisha nikapeleka kiganja karibu na kila dramu. Joto lilikuwa karibu sawa kushoto na kulia, na gari lilisimama bila kuvuta upande.

Lililala tena kwangu limeinua pua, waya ukiwa na alama yake. Asubuhi mafuta yalikuwa pale pale kwenye alama na pedali ilikuwa juu. Nikampa Mwalimu gari lake.

Kuhusu vile vidoadoa vya kutu nyuma ya silinda: viko mahali raba ya nyuma inapopita, na raba hiyo ndiyo inayozuia mafuta yasitokee upande wa pushirodi. Kwa sasa inafunga. Nimemwonyesha Mwalimu jinsi ya kuinua zulia na kupitisha kidole nyuma ya kifuniko cha raba kila anapotia mafuta ya injini, na siku kidole kitakapotoka na umajimaji, gari lisitoke uani. Wakati huo huo ameshaanza kuulizia masta mpya nzima, yenye vali yake ndani. Ikifika, nimemwomba ailete ikiwa kwenye boksi haijafunguliwa, na ile ya zamani tuiweke mezani kando yake, kipande kwa kipande, kabla hakijatupwa chochote.